Mwenye Chombo Ana Haki ya Kukifungua

Iko tabia moja ambayo wazee wengi katika visiwa vyetu wamezoea kuiita utundu. Ni tabia ya mtoto kuchukua bisibisi na kuifungua redio ya nyumbani ili aone sauti inatoka wapi. Akikua kidogo hufungua simu, na akikua zaidi hufungua kompyuta. Mara nyingi hushindwa kukirudisha chombo kama kilivyokuwa, na hapo ndipo hupata kipigo. Maoni yetu ni kwamba tabia hii ni mwanzo wa elimu ambayo visiwa hivi vinaihitaji mno, na kwamba wazazi, skuli na Serikali wanapaswa kuilea na kuiwekea taratibu, badala ya kuizima.

Tunayasema haya tukijua kwamba wapo wasiokubaliana nasi. Wako wanaomwona fundi wa barazani, mwenye meza yake, taa yake na chuma chake cha kulehemu, kuwa ni mtu wa kubahatisha tu, na kwamba mji ungependeza zaidi asipokuwepo. Wako wanaosema kuwa chombo cha kisasa hakitengenezwi tena, bali hutupwa kikanunuliwa kingine. Na wako wenye khofu ya haki kabisa, kwamba mwenye ujuzi wa kuifungua simu ndiye huyo huyo awezaye kuificha simu iliyoibwa. Hoja hizi zinastahili majibu, nasi tutajaribu kuzijibu. Lakini kwanza yafaa tueleze kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwetu kuliko kwa nchi nyingine nyingi.

Sisi ni watu wa visiwani. Hatuundi simu, wala redio, wala televisheni. Kila kimoja huvuka bahari kuja kwetu, na kila kimoja hulipiwa kwa fedha zilizotokana na karafuu, mwani, utalii, au jasho la ndugu zetu walioko ng'ambo. Na kikishafika hakiondoki. Nchi kubwa inaweza kujidanganya kwamba taka zake zimepelekwa mbali. Kisiwani hakuna mbali. Simu iliyokufa Mwanakwerekwe, kama haikupata fundi, itakwenda kulala katika jaa la Kibele, au itatupwa shimoni nyuma ya nyumba, na betri yake itaozea katika ardhi ile ile ya mawe ya matumbawe inayopitisha maji tunayoyachota visimani.

Ukubwa wa balaa lenyewe si wa kubuni. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme na elektroniki, na kwamba ni asilimia 22.3 tu ya taka hizo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Nyingine kati ya zilizobakia zilichomwa, zilizikwa, au zilisafirishwa kwenda kwa watu wasio na nguvu ya kuzikataa. Dawa ya kwanza ya maradhi haya ni kukifanya chombo kidumu, wala haihitaji mtambo wa mamilioni. Simu iliyotumika miaka sita badala ya mitatu ni simu moja isiyonunuliwa na simu moja isiyozikwa. Na anayeiongezea simu umri huo ni fundi.

Isidhaniwe kwamba tunazungumzia jambo geni. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na santuri hizo zikaingia majumbani, gramafoni zilizozipiga zilikuwa na springi zinazokatika na sindano zinazochakaa. Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951, waliosikiliza walitegemea redio za valvu, ambazo moto wake wenyewe ndio uliokuwa adui wake. Mapema katika miaka ya 1970 Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi, ilhali ndugu zetu wa Tanzania Bara walingoja hadi mwaka 1994 kupata televisheni yao. Katika kila zama hizo alihitajika mtu wa kufungua, kutazama, kupima na kufunga. Vyombo vilikuja na meli. Ujuzi wa kuviweka hai ulipatikana hapa hapa.

Na kabla ya umeme palikuwa na mbao. Waundaji wa majahazi wa Nungwi hawalitupi jahazi kwa sababu ya ubao mmoja uliooza. Huung'oa ubao ule, wakauchonga mwingine, wakakalafati, chombo kikarudi majini. Hakuna mzee atakayewaita watundu kwa kufanya hivyo. Kinachotupasa ni kuutazama ubao wa saketi kwa jicho lile lile tunalolitazamia ubao wa jahazi.

Iko sababu nyingine inayomfanya fundi wa kwetu asiweze kubadilishwa na mtu wa kiwandani. Vyombo hivi vimeundwa na watu ambao hawaishi kando ya bahari yetu. Hewa ya chumvi hula viungio vya shaba. Unyevu wa masika hujificha chini ya vipuri. Umeme unaopanda na kushuka huunguza chaja na friji. Mwaka 2008, tangu Mei hadi Juni, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi kwa hitilafu katika njia ya umeme utokao Bara. Waliokuwepo wataikumbuka milio ya majenereta mitaani, na bei ya kuchajisha simu. Siku kama zile humfunza mtu kwamba chombo asichojua ndani mwake mna nini si chake kikamilifu. Simu iliyoanguka baharini, mathalani, haiponi kwa kufukiwa katika mchele kama watu wengi wanavyoamini. Mchele hauondoi chumvi. Sharti izimwe upesi, ifunguliwe, isafishwe kwa spiriti na brashi laini kabla kutu haijaanza kazi yake. Hili ni jambo dogo, lakini ndilo linaloamua kama mvuvi wa Kizimkazi atabaki na simu yake au ataingia deni la kununua nyingine.

Tuje sasa kwenye elimu. Katika kijiji cha Kinyasini, Kaskazini Unguja, chuo cha Barefoot College kimewafundisha wanawake wa vijijini, wakiwemo wasiojua kusoma wala kuandika, kuunda na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa jua. Mafunzo yao hayakuanza na kanuni ubaoni. Yalianza na saketi iliyo wazi mezani, na vipuri vikitambuliwa kwa rangi na umbo, na mikono ikirudia kazi mpaka akili ikafahamu. Wanawake hao walirudi vijijini mwao wakawasha taa katika nyumba zilizokuwa za vibatari. Kama mama wa makamo asiyesoma aliweza kujifunza kwa njia hii, ni udhuru gani tutakaoutoa kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye amekariri sheria ya Ohm kwa ajili ya mtihani, lakini hajapata kushika kipima umeme hata siku moja?

Japani nayo ni nchi ya visiwa. Mwaka 1945, miji yake ikiwa majivu baada ya vita, Masaru Ibuka alifungua karakana ndogo katika jengo la duka lililoharibiwa vitani mjini Tokyo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio mbovu na kuzitia kifaa cha kuziwezesha kupokea masafa mafupi, kwa kuwa watu walikuwa na kiu ya habari za dunia. Mwaka uliofuata yeye na Akio Morita wakaanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Sony, na mwaka 1955 kampuni hiyo ikauza redio yake ya kwanza ya transista. Hatusemi kwamba kila meza ya fundi pale Darajani itazaa kiwanda. Tunasema kwamba hakuna kiwanda cha aina hiyo kilichozaliwa mahala ambapo watu waliogopa kufungua vyombo.

Walakini, fundi wa leo anakabiliwa na kizuizi ambacho fundi wa redio ya transista hakukijua. Redio ile ilifungwa kwa skurubu nne za kawaida, na aghalabu mchoro wa saketi yake ulibandikwa ndani ya mfuniko. Simu ya leo hufungwa kwa gundi. Baadhi yake zina skurubu za vichwa vya ajabu, vilivyobuniwa ili bisibisi ya kawaida isiviweze. Betri haitoki mpaka kioo kitolewe kwanza. Na zipo ambazo hata ukitia kipuri halisi, kilichotolewa katika simu nyingine ya aina ile ile, zitakikataa mpaka kiwanda kikitambue kwa programu yake. Mnunuzi amelipa bei kamili, lakini ufunguo wa nyumba umebaki kwa aliyemuuzia.

Hali hii imewachosha hata watu wa nchi tajiri, nao wamekwenda kwa watunga sheria wao. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inayowalazimu waundaji wa vyombo vya elektroniki kutoa vipuri, zana na maelezo ya matengenezo kwa wenye vyombo na kwa mafundi wa kujitegemea. Jimbo la Oregon lilifuata mwaka 2024 kwa sheria inayozuia mtindo wa simu kukataa vipuri. Umoja wa Ulaya mwaka huo huo ulitoa agizo la kukuza matengenezo, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kuliingiza katika sheria zao. Kadhalika, kanuni ya Umoja huo ya mwaka 2023 imeweka Februari 2027 kuwa wakati ambapo betri za vyombo vya mkononi sharti ziweze kutolewa na mwenye chombo mwenyewe. Ikiwa raia wa nchi zilizo na maduka ya simu kila pembe wameona haja ya kulindwa haki hii, seuze sisi?

Sasa tuzijibu hoja tulizozitaja. Juu ya wizi, kila simu ina namba yake ya utambulisho, ambayo mwenyewe anaweza kuiona kwa kubonyeza *#06#. Ni kwa namba hizo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016. Na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imefanya kuwa ni kosa kuibadili namba hiyo. Kwa hivyo sheria ya kumwadhibu mwovu ipo. Kinachotakiwa ni kuitekeleza kwa aliyetenda, wala si kumtuhumu kila mwenye bisibisi. Seremala naye ana patasi iwezayo kuvunja mlango, na hatujasikia mtu akitaka useremala upigwe marufuku.

Juu ya siri, hapa tunakiri kuwa lawama nyingine zina msingi. Simu ya mtu leo ni kama chumba chake cha ndani. Mna picha za watoto wake, maneno ya mke na mume, na fedha zake. Fundi anayechungulia humo amevunja heshima ya nyumba ya mtu, na mafundi wenyewe wanapaswa kuwa wa mwanzo kumkemea mwenzao wa namba hiyo. Baadhi ya kina mama huona bora simu ikae mbovu kabatini kuliko kuipeleka kwa mgeni. Dawa yake ni taratibu zinazofahamika: matengenezo madogo yafanywe mbele ya mwenyewe, laini na kadi ya kumbukumbu zitolewe kabla simu haijaachwa, na wafundishwe mafundi wanawake wa kutosha, ili mwenye haya apate pa kwenda.

Juu ya hatari, ni kweli kwamba vyombo hivi vinaweza kuua. Televisheni ya zamani yenye bomba la kioo huhifadhi umeme mkali ndani yake hata baada ya kuchomolewa ukutani. Tanuri ya maikrowevu ni mbaya zaidi, na asiyefunzwa asiiguse. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa hulipuka moto ambao ni shida kuuzima. Moshi wa lehemu si wa kuvutwa kutwa katika chumba kisicho na dirisha. Lakini mtoto mwenye udadisi hataacha kufungua kwa kuwa amekatazwa. Atafungua kwa siri, peke yake, bila ya mtu wa kumwambia kipi asikiguse. Hatari hizi ndizo zinazotudai tufundishe.

Na wale wanaodhani kwamba mji utasafika kwa kuwafukuza mafundi watazame yaliyotokea Accra. Mwezi Julai 2021 wakuu wa Ghana waliibomoa sehemu ya Agbogbloshie ambako vyombo vikuukuu vilikuwa vikivunjwa na nyaya kuchomwa. Moshi ule ulikuwa sumu, na hakuna mwenye akili atakayeutetea. Hata hivyo kazi yenyewe haikufa. Ilitawanyika ikaingia mahala pengine, ambako ni vigumu zaidi kuisimamia. Tofauti ya fundi na mchoma nyaya ni ujuzi na zana, na vyote viwili vinaweza kutolewa na Serikali yenye nia.

Tunajua kwamba mawasiliano ni jambo la Muungano, na kwamba sheria ya kuwabana waundaji wa simu haiwezi kutungwa Chukwani peke yake. Lakini mazingira, skuli, mafunzo ya amali na mabaraza ya miji yako mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na humo mna kazi ya kutosha isiyongoja mtu.

Kwanza, kila skuli ya sekondari ya Unguja na Pemba ipewe meza moja ya ufundi, yenye bisibisi, kipima umeme, chuma cha kulehemu na vyombo vibovu vya kufungulia. Vyombo hivyo havina haja ya kununuliwa. Ofisi zetu zimejaa kompyuta, mashine za kuchapishia na simu za mezani zilizokufa, zikingoja vumbi na mnada. Na pamoja na meza, viwepo vitabu. William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyeacha skuli kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, aliunda kinu cha upepo kwa dainamo ya baiskeli na feni ya trekta baada ya kuona picha katika kitabu cha maktaba ya skuli ya msingi. Na kabla ya hapo mikono yake ilikwisha kuzoea kazi hiyo kwa kufungua redio mbovu za jirani.

Pili, vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji viwafungulie mlango mafundi waliojifunzia barazani, wafanyiwe mtihani wa vitendo, na anayefaulu apewe cheti. Mtu aliyetengeneza simu kwa miaka kumi asilazimishwe kuanza darasa la mwanzo kama mtoto. Apimwe kwa kazi yake, afundishwe kile anachokosa, hasa usalama na uaminifu, kisha atambuliwe. Hapo mteja atajua amkabidhi nani simu yake, na baraza la mji litajua limpe nani nafasi ya meza.

Tatu, Serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa. Inaponunua kompyuta za wizara na skuli, zabuni iseme wazi kwamba muuzaji lazima ahakikishe vipuri na maelezo ya matengenezo kwa miaka inayotajwa, na kwamba betri itoke bila ya kuvunja kioo. Hapa haihitajiki sheria mpya. Inahitajika sentensi mbili katika karatasi ya zabuni, na ofisa wa kuzisimamia.

Nne, pawepo chombo cha kukusanyia betri na vyombo visivyotengenezeka katika kila shehia, na masheha wapewe jukumu la kuvitunza mpaka vichukuliwe. Fundi leo hana pa kupeleka mabaki yake. Tukimlaumu kwa kuyatupa bila ya kumwonyesha pa kuyaweka, lawama itarudi kwetu.

Kwa mafundi nao tuna neno. Heshima haitolewi kwa barua ya wizara. Fundi anayetoa kipuri kizima katika simu ya mteja akatia kibovu, au anayesema simu imekufa ili ainunue kwa bei ya kutupa, anawaharibia wenzake wote. Wekeni madaftari. Andikeni jina la mteja, namba ya simu iliyoletwa, ugonjwa wake na kipuri kilichobadilishwa. Daftari hilo litakulindeni siku polisi atakapokuja kuuliza, na litamlinda mteja siku atakapotilia shaka.

Kwa wazazi tunasema: mtoto akiifungua redio, muulizeni ameona nini ndani yake. Kama hakuweza kuifunga, mpelekeni kwa fundi mwaminifu akamtazame anavyoifunga, na siku za likizo mwacheni akae naye. Mpeni kilichokufa akifungue, na mkatazeni kile kinachoua, kwa kumweleza sababu. Wazee wetu walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nao walikuwa na haki. Lakini uhunzi hudumu tu pale ambapo yupo kijana aliyeruhusiwa kuingia karakanani. Bajeti ijayo itatuonyesha kama wakubwa wetu wako tayari kuufungua mlango huo. Meza moja, bisibisi chache na kompyuta mbovu za Serikali hazitaifilisi hazina ya nchi, na hatuoni udhuru wa kuvikosa.